Kompyuta Inapoganda: Tutafute Chanzo Kabla ya Kumwita Fundi

Kila muhula unapokaribia ukingoni idara yetu hupokea taarifa zinazofanana. Mwanafunzi amebakiza sura moja ya tasnifu, na kompyuta ya nyumbani inaganda kila baada ya dakika kumi. Mwalimu amekwisha kuingiza alama za darasa zima, na kabla hajazihifadhi skrini inageuka buluu. Mwingine ana saa nyingi za sauti alizorekodi kijijini akikusanya methali na masimulizi, na mashine iliyozibeba haitaki tena kuwaka. Wazee waliomsimulia huenda hatawakuta tena akirudi.

Kwa hiyo katika toleo hili tumeweka kando ngeli na vitenzi visaidizi ili tueleze namna ya kutafuta chanzo cha maradhi haya. Tunazungumzia zaidi kompyuta zinazotumia Windows, kwa sababu ndizo tunazoziona majumbani mwetu hapa Uganda, na aghalabu zilikwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla hazijatufikia. Msomaji hahitaji kuwa fundi. Anahitaji subira, daftari na kalamu.

Imezimwa, imezimika au imejizima?

Ukimsikiliza mtu anayelalamikia kompyuta yake, mara nyingi atasema, "Imezima tu," au "Imeharibika." Fundi akisikia hivyo hana pa kuanzia. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina zana nzuri sana za kueleza tatizo hili, na sisi tunaozifundisha darasani tunaziacha hapo hapo darasani. Chukua kitenzi zima. Kompyuta iliyozimwa imezimwa na mtu au na programu iliyoamrishwa kufanya hivyo, kwa mfano Windows ikijisasisha usiku. Kompyuta iliyozimika imekatika kama taa inavyokatika: umeme haukufika, au ulifika ukiwa dhaifu. Kompyuta iliyojizima imechukua hatua yenyewe, kwa kawaida ili kujiokoa na joto. Kauli ya kutendwa, ya kutendeka na kiambishi cha kujirejea vinatupa dhana tatu tofauti za chanzo, na kila moja ina njia yake ya uchunguzi.

Tuongeze mengine. Kukwama ni pale programu moja inapoacha kuitikia huku nyingine zikiendelea: andiko lako limesimama lakini muziki unasikika na kipanya kinatembea. Kuganda ni pale kila kitu kinaposimama, kishale hakisogei na saa iliyo pembeni mwa skrini haiendi. Kujiwasha upya ni kuzima na kuwaka bila kuamrishwa. Halafu kuna ile skrini ya buluu yenye maandishi ya kuomba radhi, ambayo katika matoleo mapya ya Windows 11 imekuwa nyeusi tangu mwaka 2025. Hiyo ina maana kwamba mfumo wenyewe umegundua kosa zito ukaamua kusimama kuliko kuendelea kuharibu faili.

Kipimo chepesi cha kutofautisha kukwama na kuganda ni kubonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mfumo bado uko hai. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka orodha ya programu, uifunge ile iliyokwama. Taa isipobadilika hata baada ya dakika mbili tatu, mashine imeganda kweli. Hapo hakuna budi kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi mpaka izime.

Andika kila tukio katika daftari: tarehe, saa, kompyuta ilikuwa imewaka kwa muda gani, ulikuwa ukifanya nini, ilikuwa kwenye umeme au kwenye betri, na kama kulikuwa na skrini ya rangi, jina la kosa lililoandikwa chini yake. Piga picha kwa simu ikiwezekana. Kisha jiulize ni kitu gani kilibadilika wiki ile matatizo yalipoanza: programu mpya, printa mpya, nyumba mpya, flashi ya rafiki? Windows nayo huweka kumbukumbu zake. Andika perfmon /rel katika kisanduku cha kutafutia, ubonyeze Enter, utaona kalenda yenye alama nyekundu katika siku zilizokuwa na hitilafu. Ukikuta katika kumbukumbu za mfumo tukio lililoandikwa Kernel-Power 41, usidhani umepata jibu. Linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagana, jambo ambalo tayari unalijua.

Kwanza kazi, halafu mashine

Kabla ya kugusa chochote, nakili kazi zako. Tunalisisitiza jambo hili mapema kwa sababu wengi hulikumbuka likiwa limechelewa. Ikiwa diski ndiyo inayokufa, kila jaribio la kuwasha na kuzima linaipunguzia uhai, na zile programu za kurekebisha diski huisumbua kuliko kazi ya kawaida. Nakili tasnifu, alama, mitihani, picha na sauti za utafiti kwanza. Filamu na muziki vitafuata kama nafasi ipo. Weka nakala mbili, zisikae mahali pamoja. Flashi iliyo ndani ya mfuko wa laptopu haifai kuitwa nakala, maana mwizi atakayechukua laptopu atachukua na mfuko. Jitumie andiko kwa barua pepe, au liweke katika hifadhi ya mtandaoni, hata kama ni sura moja moja kila jioni.

Ikiwa Windows inaganda kabla hujamaliza kunakili, kuna njia nyingine ambayo baadaye itatusaidia pia katika uchunguzi. Mwombe mwenye ujuzi akutengenezee flashi yenye mfumo wa Linux unaowaka moja kwa moja bila kusakinishwa. Kompyuta itawaka kutoka kwenye flashi, diski yako itaonekana kama folda ya kawaida, nawe utanakili. Kama diski imefungwa kwa usimbaji utahitaji ufunguo wake, kwa hiyo uutafute mapema katika akaunti yako ya Microsoft. Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka kwamba Linux na Kiswahili si wageni kwa kila mmoja. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004.

Joto na vumbi

Tukitakiwa kutaja mshukiwa mmoja tu katika mazingira yetu, tungetaja joto. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, huzalisha joto jingi, na juu yake kuna kipande cha chuma chenye mapezi na feni ya kulipuliza. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara zetu huingia ndani, likachanganyika na nyuzi za mazulia na nywele, likafanya blanketi kati ya feni na mapezi. Feni inazunguka kwa nguvu, kelele inaongezeka, lakini hewa haipiti. Kompyuta ikiona hali hiyo hupunguza kasi yake kwanza ili ipoe; mtumiaji ataona uzito na kusuasua. Joto likizidi kupanda kukaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hujizima bila onyo.

Dalili zake zinatambulika. Kompyuta hufanya vizuri asubuhi, huchoka mchana. Hudumu dakika ishirini, hujizima, ukiiwasha papo hapo hudumu dakika tano, lakini ukiiacha nusu saa inarudia zile ishirini. Huanguka unapotazama video au kushiriki mkutano wa mtandaoni, si unapoandika. Ukiona mtindo huo katika daftari lako, usitafute virusi kwanza. Weka laptopu juu ya meza ngumu, inyanyue kwa nyuma kwa vipande viwili vya mbao ili matundu ya chini yapate hewa, kisha ujaribu tena kazi ile ile. Laptopu inayotumiwa juu ya godoro au mto hujizibia pumzi, na tumeona nyingi zikipona kwa kuhamishwa kutoka kitandani tu.

Usafishaji wa kompyuta ya mezani ni rahisi. Zima, chomoa waya, fungua ubavu, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini ukutoke, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini kavu na hewa ya kupuliza. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Kitambaa chenye maji kisikaribie. Laptopu ni ngumu zaidi kuifungua na huenda ukamwachia fundi. Mwambie aondoe kabisa feni, asafishe mapezi, na abadilishe ile dawa nyeupe au ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma, kwa sababu hukauka baada ya miaka kadhaa ikaacha kupitisha joto. Fundi anayepuliza kwa nje tu na kudai malipo ya usafishaji hajasafisha.

Umeme

Umeme wa majumbani Uganda umekusudiwa kuwa volti 240. Kukatika kwake sote tunakujua, lakini hatari zaidi kwa vifaa ni kule kurudi kwake kwa kishindo, na kule kushuka ambako taa hufifia bila kuzimika. Chaja za laptopu zilizo nyingi hustahimili kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo kushuka kwa kiasi haziwi na shida nako, na betri nayo hufidia pengo. Kompyuta ya mezani haina fidia hiyo. Ikiwa yako huzimika kila friji ya jirani inapoanza kunguruma, au kila mtu anapochomeka pasi katika waya mmoja wa upanuzi, chanzo kiko ukutani. UPS yenye betri nzima ndiyo dawa; stabilaiza peke yake husaidia kushuka na kupanda, haisaidii kukatika.

Kwa mwenye laptopu jaribio ni la bure: chomoa chaja, fanya kazi kwa betri kwa siku moja. Ikitulia, shuku chaja au soketi. Kisha ufanye kinyume chake.

Kompyuta kuukuu za mezani zina jambo lao. Nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zilipewa kapasita mbovu, vile vipipa vidogo vilivyosimama juu ya ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi. Vikiharibika huvimba kichwani au hutoa ute wa kahawia, na mashine huanza kuganda ovyo bila mpangilio wowote unaoweza kuandikwa. Zipo ambazo hadi leo ziko chini ya meza katika shule zetu. Tazama kwa macho tu. Kile kisanduku cha kugawia umeme kisifunguliwe na mtu asiye fundi, maana hubaki na umeme wa kuua hata kikiwa kimechomolewa. Na kama mashine ilitoka Marekani, angalia swichi ndogo nyekundu nyuma yake kabla ya kuichomeka kwa mara ya kwanza. Ikiwa kwenye 115, ukaiunganisha na volti 240, utasikia mlio mmoja tu.

Kumbukumbu na diski

Hapa maneno yetu yanachanganya. Watu husema "memori imejaa" wakimaanisha vitu viwili. Kumbukumbu, yaani RAM, ni meza unayofanyia kazi. Diski ni kabati la kuhifadhia. Meza ikiwa ndogo, kompyuta hulazimika kuinuka kila mara kwenda kabatini, na kama kabati lenyewe ni la zamani, inakuwa kana kwamba imeganda. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 4, kivinjari chenye kurasa ishirini, andiko refu na mkutano wa video kwa wakati mmoja itakwama, na haina ugonjwa wowote. Fungua ile orodha ya Ctrl, Shift na Esc, tazama asilimia ya kumbukumbu na ya diski. Kumbukumbu ikiwa juu ya 90 muda wote, funga kurasa au ongeza RAM.

RAM iliyoharibika ni habari nyingine. Alama yake ni kutotabirika: leo skrini ya buluu ina jina hili, kesho lina jina lile, mara programu inajifunga yenyewe, mara faili zuri linafunguka likiwa na takataka. Andika mdsched katika kisanduku cha kutafutia. Kompyuta itajiwasha upya na kujipima. Kipimo hicho cha Windows ni kifupi, kwa hiyo mashine ikipita lakini ikaendelea kuanguka, tumia MemTest86+ kutoka kwenye flashi uiache ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kuitilia RAM shaka. Kama kuna vijiti viwili, toa kimoja, tumia kompyuta kwa siku mbili, kisha ubadilishane. Kabla ya kununua kipya, kitoe kile cha zamani, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, ukirudishe kwa kukibonyeza mpaka kibane. Mara nyingine kilikuwa kimelegea tu, hasa kompyuta ikiwa imesafirishwa kwa basi.

Diski ya kuzunguka inayokufa hujitangaza. Utasikia mlio wa tik, tik, tik, kompyuta inasimama nusu dakika huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, kisha inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Skrini ya buluu ikiandika KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, shuku diski au waya wake. Programu ndogo ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma hali ambayo diski yenyewe inairipoti. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, nunua diski nyingine na uache majaribio. Amri ya chkdsk ambayo wengi hupendekezana ni nzuri kwa diski nzima yenye faili zilizovurugika baada ya umeme kukatika. Kwa diski inayokufa itamaliza kazi ambayo mauti yameianza. Tunashauri pia, kwa yeyote mwenye diski ya kuzunguka hata kama ni nzima, aibadilishe na SSD. Hakuna matengenezo mengine yanayoifufua kompyuta ya zamani kwa kiasi hicho, na haina sehemu ya kuzunguka inayoogopa kutikiswa. Lakini SSD hufa kimya, bila ule mlio, hivyo suala la nakala linabaki pale pale.

Diski iliyojaa nayo huleta mkwamo. Acha walau sehemu moja ya kumi ikiwa wazi.

Programu

Tumeliweka jambo hili mwisho kwa makusudi, ingawa wengi huanza nalo. Swali la kwanza ni kama kosa liko katika Windows au katika vyuma, na ile flashi ya Linux ndiyo hakimu. Tumia kompyuta kutoka kwenye flashi kwa saa mbili tatu, tazama video, fungua kurasa. Ikiganda hata huko, usipoteze muda kusakinisha Windows upya. Tatizo ni la vyuma. Ikitulia kabisa, tazama Windows au diski.

Ndani ya Windows, mshukiwa mkuu ni draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi ya picha, printa na vifaa vingine. Zinafanya kazi katika kiini cha mfumo, ndiyo maana kosa lake dogo huangusha kila kitu wakati kosa la programu ya kuandikia huiangusha yenyewe tu. Dunia nzima ilijifunza hili tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na viwanja vya ndege vikarudi kuandika tiketi kwa mkono. Programu ile nayo ilikuwa na draiva ndani ya kiini.

Kwa hiyo, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Restart, fuata Troubleshoot hadi Startup Settings, kompyuta ikiwaka tena chagua namba 4. Utaingia katika hali ya usalama ambamo draiva za lazima tu ndizo zinazofanya kazi. Mashine ikitulia humo, ondoa kilichosakinishwa karibuni, au urudishe mfumo katika tarehe ya kabla ya tatizo. Programu mbili za kuzuia virusi katika kompyuta moja hugombana kama majogoo wawili. Baki na moja. Na Windows ya kughushi iliyosakinishwa na kijana wa mtaani hatuwezi kuiamini, kwa sababu hakuna ajuaye nini kingine kiliingizwa pamoja nayo. Kwa upande wa Windows 10, Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haitaganda kwa sababu hiyo peke yake, ila isiposajiliwa katika mpango wa nyongeza haipati tena viraka vya usalama, na mtandaoni hilo ni jambo zito.

Ukifika kwa fundi

Ukishindwa, nenda na daftari. Usiseme "imeharibika". Sema, "Inajizima baada ya dakika ishirini nikitazama video, haijizimi nikiandika, na kwa Linux inafanya vivyo hivyo." Fundi mzuri atafurahi, na mbaya atajua kwamba hawezi kukuuzia ubao mkuu kwa tatizo la vumbi. Dawa yao ya kwanza mara nyingi ni kufuta diski na kusakinisha Windows upya. Usikubali kabla hujahakikisha kwa macho yako kwamba nakala zako zinafunguka katika kompyuta nyingine, si kuonekana majina ya faili tu. Andikiana naye kiasi cha RAM na ukubwa wa diski unavyoviacha, na umwombe akurudishie kila kipuri anachokitoa.

Kama kuna mitihani ambayo haijafanywa ndani ya mashine hiyo, ihamishe na uifute kabla ya kuikabidhi.